Kila Faji na Mwenyeji Wake

Leo nina swali la mama mmoja wa Kapsoya, hapa Eldoret, anayefuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yake. Anasema kuku wake walianza kwa kuzubaa na kushusha mbawa, undu ukapauka, kinyesi kikawa cha majimaji, rangi ya manjano na kijani. Akaenda agroveti, akauziwa unga wa oksitetrasaiklini, akaukoroga kwenye maji ya kunywa. Siku chache kukawa na nafuu, kisha vifo vikarudi. Akabadilishiwa dawa, yakawa yaleyale. Anauliza: je, dawa za siku hizi ni bandia, au ugonjwa umezizoea?

Mama, asante sana. Dawa bandia zipo, sikatai. Lakini hata dawa halali, iliyotoka kiwandani ikiwa na nguvu zake zote, inaweza kushindwa. Dalili ulizozitaja ni za homa ya matumbo ya kuku, inayoletwa na bakteria aitwaye Salmonella Gallinarum. Hata hivyo kideri nacho huharisha kuku kijani, na kideri ni ugonjwa wa kirusi ambao hakuna antibayotiki inayoweza kuugusa. Ni maabara tu inayoweza kukata shauri. Tuchukulie basi kwamba ni Salmonella. Ukiwanywesha kuku wote dawa ileile mara kwa mara, bakteria walio dhaifu hufa na wale wachache wanaoistahimili hubaki peke yao bandani, chakula tele, nafasi tele, wakazaana. Zaidi ya hayo, bakteria hupeana jeni za ukinzani wao kwa wao, hata baina ya spishi tofauti. Kinachoanzia kwenye banda la kuku hakibaki bandani. Mwaka 2019 pekee, watafiti wanakadiria kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria wasiosikia dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ningeweza kuishia hapo, nikawaonya wafugaji, nikafunga kipindi. Lakini swali la mama huyu limenikumbusha jambo ambalo naona ni haki yetu kulijua. Ugonjwa huuhuu wa kuku, homa hiihii ya matumbo, ndio uliokuwa wa kwanza kutibiwa kwa njia ambayo wanasayansi wa Kenya wameirudia sasa, zaidi ya miaka 100 baadaye. Ilikuwa mwaka 1919, mashambani Ufaransa. Kuku walikuwa wakifa kwa wingi. Mtafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Paris, Félix d'Hérelle, akawapa virusi. Ndiyo, mmesikia sawasawa, virusi. Vifo vikapungua.

Miaka miwili kabla ya hapo, Septemba 1917, d'Hérelle alikuwa ametangaza kwamba amegundua kitu kidogo kuliko bakteria, kisichoonekana kwa hadubini za wakati ule, kinachowaangamiza bakteria wa kuhara damu. Alikuwa akichunguza choo cha wanajeshi waliougua kuhara damu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Alichuja kinyesi kwa chujio laini ambalo bakteria hawapenyi, akachukua yale maji yaliyopita, akayatia kwenye chupa ya bakteria waliokuwa wakistawi. Chupa iliyokuwa na ukungu ikawa angavu kabisa. Mwingereza Frederick Twort alikuwa ameona jambo kama hilo mwaka 1915, lakini d'Hérelle ndiye aliyelifuatilia hadi mwisho, na ndiye aliyekiita kitu hicho bakteriofaji, yaani mla bakteria. Leo nitasema faji tu, tuelewane.

Faji ni kirusi kinachoshambulia bakteria. Hakimgusi kuku, hakimgusi binadamu, hakigusi mahindi. Hakina mahali pengine pa kuzalia ila ndani ya bakteria. Na faji ni nyingi kupita kiasi: inakadiriwa kwamba duniani kuna faji kumi kwa kila bakteria mmoja, na jumla yake ukiiandika ni 1 na sifuri 31 nyuma yake. Ziko kwenye udongo wa shamba lako, kwenye utumbo wako unaponisikiliza sasa, kwenye maji ya mto Sosiani unaopita katikati ya mji wetu, na zaidi ya kote, kwenye majitaka. Palipo na bakteria wengi, faji zake nazo hujaa.

Tuitazame moja iliyochunguzwa sana, iitwayo T4, inayoishi kwa kumla bakteria wa utumboni, E. koli. Urefu wake ni takriban nanomita 200, maana yake ukizipanga 5,000 kwa mstari ndipo upate milimita moja. Ina kichwa chenye pembe pembe kilichofungasha jeni zake, ina mkia wa mrija, na chini ya mkia ina miguu myembamba. Haina macho wala injini, inabebwa na maji hadi igongane na bakteria. Miguu ikigusa ngozi ya bakteria, inapapasa ikitafuta alama fulani juu yake. Ikiikosa, inaachilia, inaendelea kuelea. Ikiipata, inashika, mkia unajikaza, mrija unatoboa, na jeni zinasukumwa ndani. Ganda linabaki nje, tupu.

Kinachofuata ndani ni mapinduzi. Bakteria anaacha kujijenga mwenyewe na kuanza kutengeneza sehemu za faji: vichwa, mikia, miguu. Zinaungana zenyewe. Katika joto la mwili, nusu saa haiishi kabla ya vimeng'enya vya faji kuutafuna ukuta wa bakteria kutoka ndani. Bakteria anapasuka, na faji mpya mia moja na zaidi zinamwagika, kila moja ikitafuta bakteria mwingine. Hapo ndipo faji inapotofautiana na kila dawa iliyoko kwenye rafu ya agroveti: adui akiwa mwingi nayo inaongezeka, adui akiisha nayo inapungua.

Lakini shikeni ile alama niliyoitaja, ile ambayo miguu ya faji huitafuta juu ya ngozi ya bakteria. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa mazungumzo ya leo. Faji haiui bakteria wowote tu. Faji ya E. koli kwa kawaida haina habari na Salmonella. Hata ndani ya Salmonella, faji moja huweza kuua bakteria waliotoka banda hili na kuwapita salama waliotoka banda la jirani, kwa kuwa alama yao imebadilika kidogo. Wakulima wa Uasin Gishu mtanielewa nikisema hivi: antibayotiki ni kama kupuliza dawa ya magugu inayokausha kila jani, mahindi yakiwamo, na faji ni palizi ya mkono inayong'oa gugu moja linalojulikana na kuacha mengine yote. Wale bakteria wema wa utumbo, wanaomsaidia kuku kusaga chakula na kuwazuia wabaya wasipate nafasi, faji haiwagusi. Hiyo ni faida kubwa. Na ndiyo taabu yake vilevile, maana ni lazima kwanza umjue gugu wako kwa jina.

D'Hérelle mwenyewe hakuliona hili. Aliamini kwamba faji ni aina moja tu, inayojifunza kula bakteria mbalimbali. Alifanya mambo ya kishujaa: mwaka 1919, kabla ya kumpa faji mtoto aliyekuwa akiugua kuhara damu katika hospitali ya watoto mjini Paris, aliinywa kwanza yeye na wenzake ili kuhakikisha haina madhara. Mwaka 1925, huko Misri, aliwadunga faji wagonjwa wanne wa tauni waliopatikana kwenye meli iliyokuwa ikipita Mfereji wa Suez, wote wakapona. Habari zikaenea, na kampuni za Ulaya na Marekani zikaanza kuuza chupa za faji miaka ya 1920 na 1930. Nyingi hazikufanya kazi. Nyingine zilitiwa vihifadhi vilivyoziua faji zenyewe. Nyingine zilikuwa faji hai, nzuri, zilizopewa mgonjwa mwenye bakteria asiyehusika. Penisilini ilipokuja miaka ya 1940, ikiua bakteria wa aina nyingi bila kuuliza jina, nchi nyingi za Magharibi zikaziacha faji.

Hazikuachwa kila mahali. Mjini Tbilisi, Georgia, rafiki yake d'Hérelle aitwaye George Eliava alianzisha taasisi mwaka 1923. Eliava aliuawa na serikali ya Stalin mwaka 1937, lakini taasisi yake ipo hadi leo, ina jina lake, na wagonjwa husafiri kutoka mbali kwenda kutibiwa pale. Kwa zaidi ya miaka 100 watafiti wa taasisi hiyo wamefanya kazi moja kwa uvumilivu: kukusanya faji, kuzihifadhi, kuzipima upya dhidi ya bakteria wanaozunguka mwaka huo, na kuongeza mpya pale za zamani zinaposhindwa.

Wengi waliobaki duniani waliamshwa na mgonjwa mmoja. Mwishoni mwa 2015, Profesa Tom Patterson wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliugua akiwa matembezini Misri. Bakteria wake, Acinetobacter baumannii, hakusikia dawa yoyote. Alikuwa katika hali ya kukata roho wakati mkewe, Steffanie Strathdee, ambaye ni mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, alipowaandikia watafiti kuomba faji. Maabara zikapekua majitaka na akiba zao zikitafuta faji inayomuua bakteria yule hasa, wa mgonjwa yule. Machi 2016 akaanza kudungwa, akazinduka, akapona. Bakteria walijibadilisha katikati ya matibabu, zile faji za mwanzo zikashindwa, ikabidi itafutwe nyingine upesi. Ikapatikana. Ingelikuwa ni chupa moja iliyofungwa kiwandani, Patterson pengine angekufa.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu na sisi tumo katika habari hii.

Mwaka 2016, watafiti wa Kenya, wakiwamo Joseph Oduor na Atunga Nyachieo wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, walichapisha kazi yao juu ya bakteria Staphylococcus aureus, yule wa majipu na vidonda, aliyekuwa sugu kwa dawa nyingi. Bakteria na faji zake wote walitolewa kwenye majitaka ya kaunti ya Nairobi. Panya walioambukizwa wakapewa faji hizo, na faji zikafanya vizuri kuliko clindamycin, ambayo ni dawa ya heshima hospitalini. Tazameni mantiki yake: ugonjwa wa hapa, majitaka ya hapa, faji ya hapa.

Miaka miwili kabla yao, Alice Maina na wenzake, pamoja na Samuel Kariuki wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), walieleza faji za kipindupindu walizozipata katika maji ya eneo la Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Sisi wa Eldoret tusidhani ziwa hilo liko mbali nasi. Sosiani inaungana na Kipkaren, zinaingia Nzoia, na Nzoia inaishia Ziwa Victoria. Tunachokitupa mtoni hapa kinafika kule. Na huko Ziwa Elmenteita, kwenye maji ya magadi ambayo mtu angedhani hakuna kinachoishi ila heroe, Juliah Akhwale wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na wenzake walipata faji za ajabu na kuzieleza mwaka 2019. Uganda nao hawakulala: mwaka 2017, Kampala ilikuwa mwenyeji wa warsha ya kuwafundisha watafiti wa Afrika Mashariki jinsi ya kuvua faji kwenye mazingira na kuzipima, iliyoandaliwa na shirika la Phages for Global Health.

Na kuku, mama yangu wa Kapsoya? Hapo ndipo moyo wangu unapotua. Katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, Nairobi, kundi la watafiti wakiwamo Nicholas Svitek na Angela Makumi wamekuwa wakikusanya Salmonella kutoka kwa kuku wa Kenya na kutafuta faji za kuwaua, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Laval cha Kanada, kwa fedha za Kanada na Uingereza. Shabaha ni faji za kumwagwa kwenye maji ya kunywa ya kuku badala ya antibayotiki. Huko Laval ndiko iliko akiba kubwa ya faji yenye jina la Félix d'Hérelle mwenyewe. Ugonjwa wa kuku wa mwaka 1919 umemrudia.

Chuo hichohicho ndiko anakofundisha Sylvain Moineau, na kupitia kwake nataka tuitazame vita hii kutoka upande wa bakteria, kwani bakteria hawakai wakisubiri kufa. Moineau ni mtu wa maziwa. Viwanda vya maziwa viliijua faji kama hasara tangu miaka ya 1930, New Zealand ilipogundua kwamba maziwa ya jibini yalikuwa yakikataa kuchachuka kwa sababu faji zimewala bakteria wanaochachusha. Hapa kwetu mursik inachachuka kwa kazi ya bakteria wa jamii hiyo ya maziwa lala, wanaokaa kwenye kibuyu, katika sotet iliyopakwa mkaa. Mahali popote bakteria wanapochachusha maziwa, faji zao huja kuwatafuta. Mwaka 2007, Moineau pamoja na Rodolphe Barrangou na Philippe Horvath wa kampuni ya Danisco waliwachunguza bakteria wa mtindi walionusurika mashambulizi. Wakakuta kwamba bakteria hao wamechukua vipande vya jeni za faji na kuvipanga ndani ya jeni zao wenyewe, mithili ya kumbukumbu. Faji ileile ikirudi, bakteria anaitambua na kuikatakata. Mfumo huo unaitwa CRISPR. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna waliugeuza kuwa mkasi wa kuhariri jeni za kiumbe chochote, wakapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Mkasi huo wote ulianza kama silaha ya bakteria dhidi ya faji.

Faji nazo hujibu. Zipo zinazobadilisha miguu yake ili zishike alama mpya. Zipo zinazozalisha protini ya kuufunga mkasi wa bakteria usikate. Na huko Bangladesh imepatikana faji ya kipindupindu iliyojipatia CRISPR yake yenyewe na kuitumia kuvunja ulinzi wa bakteria. Mapambano haya yanaendelea kila saa, mtoni na bandani, bila sisi kujua.

Bakteria anapojiokoa, mara nyingine hulipa gharama. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Benjamin Chan na Paul Turner walieleza mwaka 2016 faji waliyoipata kwenye bwawa moja la Connecticut. Alama ambayo faji hiyo huishika ni sehemu ya pampu ambayo bakteria Pseudomonas huitumia kutapika antibayotiki. Bakteria akitaka kuiepuka faji, inambidi aiharibu pampu yake mwenyewe. Akiiharibu, antibayotiki zilizoshindwa zinaanza kumuua tena. Nasema kwa dhati, sijasikia habari ya kutia moyo kuliko hiyo katika sayansi ya magonjwa kwa miaka mingi. Faji haina haja ya kuziondoa antibayotiki. Inaweza kuzifufua.

Lakini sitawaficha upande mgumu. Kuna faji zisizoua. Zinaingia ndani ya bakteria, zinajichomeka kwenye jeni zake, zinatulia humo, na bakteria anapozaa, nazo hurithiwa. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa faji za aina hii, hivyo ndivyo ilivyo hasa. Yuko Salmonella anayeua watoto na wagonjwa wenye kinga dhaifu Kenya, Malawi na nchi jirani, kundi liitwalo ST313. Wengi wao wanaishi na faji iitwayo BTP1, na mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Siân Owen walionyesha kwamba mgeni huyo ana jeni inayomkinga mwenyeji wake dhidi ya faji nyingine zinazokuja kuua. Kipindupindu ni kibaya zaidi. Ile sumu inayommaliza mtu maji mwilini, jeni yake haikuwa ya bakteria. Matthew Waldor na John Mekalanos waligundua mwaka 1996 kwamba imeletwa na faji. Bakteria wa kipindupindu asiye na faji hiyo hana ile sumu.

Kwa hiyo yeyote atakayekuambia kwamba majitaka yana faji, na faji ni dawa, basi maji ya Sosiani ni dawa, mkimbie. Maji hayo yanaweza kuwa na kipindupindu na taifodi. Faji inayofaa kutibu huchujwa, husafishwa, husomwa jeni zake zote herufi kwa herufi ili kuhakikisha kwamba haibebi sumu, haibebi jeni ya ukinzani, na kwamba ni ya kuua, si ya kulala. Kazi hiyo haifanyiki kwenye sufuria.

Mnisamehe nichepuke kidogo kwa ajili ya wakulima wa viazi wa Ainabkoi, kwani Kapsoya ni wadi ya Ainabkoi, na najua mnasikiliza. Mnyauko wa viazi, ule unaomfanya mmea ulale wakati udongo una maji, ni kazi ya bakteria Ralstonia. Hauna dawa dukani. Mwaka 2019 watafiti nchini China walichapisha matokeo ya faji za Ralstonia kwenye nyanya, na mchanganyiko wa faji kadhaa ulipunguza ugonjwa kwa kiasi cha hadi asilimia 80. Nyanya na kiazi ni ndugu wa familia moja. Lakini Ralstonia ya Ainabkoi inahitaji faji iliyojaribiwa kwa Ralstonia ya Ainabkoi.

Na hilo ndilo ninalotaka kulisema leo kwa sauti. Tumezoea kungoja dawa ije na meli hadi Mombasa, ipande lori, ipite Nakuru, ifike Eldoret. Kwa antibayotiki ilikuwa sawa, kwani molekuli ni ileile Paris na Kapsoya. Kwa faji haiwezekani. Faji iliyochaguliwa kwa Salmonella wa Poland au wa Quebec inaweza kuwapita Salmonella wetu bila kuwatambua. Maumbile ya faji yenyewe yanadai tuwe na akiba yetu: bakteria wa mabanda yetu na wa wodi zetu wakihifadhiwa kwenye friji, faji za maji yetu zikihifadhiwa pembeni yao, na watu wa kuzipima upya kila mwaka. Gharama ya kuanza si ya kutisha. Faji huonekana kwa macho matupu kwa namna yake: unamwaga bakteria juu ya chakula chao kwenye kisahani, unadondosha maji yaliyochujwa, kesho yake unaona viduara vitupu pale bakteria walipokufa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Eldoret wana uwezo wa kulifanya hilo. Kinachokuwa ghali ni kusoma jeni, kusafisha, na kudumu katika kazi wakati ufadhili wa wageni umekwisha.

Kuna pia suala la sheria. Bodi ya Famasia na Sumu, na Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, zimejengwa kupokea dawa yenye muundo mmoja usiobadilika tangu siku ya kusajiliwa. Mchanganyiko wa faji ni lazima ubadilike, la sivyo utakuwa kama zile chupa za miaka ya 1930. Ubelgiji ilipata njia: tangu 2018, mfamasia anaruhusiwa kumwandalia mgonjwa faji kwa agizo la daktari, kila faji ikiwa imethibitishwa na maabara inayotambuliwa na serikali. Kenya ilijiandikia sera na mpango wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017. Naomba wanaoishika kazi hiyo wazipe faji mlango wake, wasingoje hadi mtu aje na bidhaa iliyofungwa atuuzie.

Mama wa Kapsoya, hayo yote ni ya kesho, na kuku wako wanakufa leo. Usitoke hapa ukaenda agroveti kuulizia faji. Fanya hivi. Acha kuwabadilishia dawa kwa kubahatisha. Watenge wagonjwa, choma au zika mizoga ndani kabisa, usiwape mbwa. Usile wala kuuza mayai ya kuku walio kwenye dawa hadi siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe. Kisha mchukue kuku aliyekufa asubuhi hiyohiyo, umfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, umpeleke kwenye maabara ya kanda ya uchunguzi wa mifugo. Iko hapahapa Eldoret. Waombe wamtaje bakteria kwa jina, na wakuambie ni dawa ipi bado anaisikia.